Vipimo vya Ujauzito: Mzigo wa Majibu Ubebwe na Wawili

Mjamzito anayefika kliniki kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, katika Hospitali ya Embu Level 5, au katika vituo vya mashambani kama Mutuati na Kiritiri, hupitia takriban hatua zile zile. Hupimwa uzito na presha, hutolewa damu, huombwa mkojo, kisha hukabidhiwa Kijitabu cha Mama na Mtoto. Siku hizi huambiwa pia atafute picha ya ultrasaundi. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 98 kati ya 100 nchini Kenya hupata huduma ya mtaalamu wa afya wakati wa ujauzito. Ni mafanikio makubwa, nayo yameokoa mama wengi na watoto wengi.

Lakini kila kipimo huzaa jibu, na kila jibu huingia nyumbani pamoja na aliyelipokea. Linakaa mezani wakati wa chakula cha jioni na kulala kitandani kati ya mke na mume. Likiwa jema, huleta furaha ambayo wengi hawakuitarajia: baba anayesikia mapigo ya moyo wa mwanawe kwa mara ya kwanza huanza kuwa baba siku hiyo hiyo. Likiwa zito au halieleweki, huleta hofu, lawama na ukimya. Upande huu wa pili ndio tunaouzungumzia kwa nadra, na ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Vipimo vyenyewe ni vipi?

Kuna makundi matatu. La kwanza ni vipimo vya damu na mkojo ambavyo karibu kila mjamzito hufanyiwa: kiwango cha damu, kundi la damu, sukari, kaswende, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Kundi hili lina heri moja kubwa, kwamba karibu kila jibu lina hatua inayofuata. Kaswende ina sindano ya penisilini. Upungufu wa damu una vidonge vya madini ya chuma. Virusi vya Ukimwi vina dawa ambazo, zikimezwa vizuri, humkinga mtoto. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wa mama wenye virusi huambukizwa wakati wa mimba, kuzaliwa au kunyonya. Kwa dawa na uangalizi, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kundi la pili ni picha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Picha hiyo huonyesha umri wa mimba, idadi ya watoto, mahali kondo lilipojishikiza, na kati ya wiki ya 18 na ya 22 huonyesha viungo vya mtoto: fuvu, uti wa mgongo, moyo, figo.

Kundi la tatu huchunguza kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Kuna kipimo cha damu ya mama kinachoambatana na kupima maji nyuma ya shingo ya mtoto kabla ya wiki ya 14. Kuna kipimo kipya zaidi kinachosoma vipande vya vinasaba vya mimba vinavyoelea ndani ya damu ya mama, jambo lililogunduliwa na Dennis Lo na wenzake mwaka 1997 na kuingia sokoni mwaka 2011. Kisha kuna kuchota kwa sindano maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kipimo kinachotoa jibu la uhakika lakini chenye hatari ndogo ya kuharibu mimba, chini ya mama 1 kati ya 100. Kwa wakazi wa Meru na Embu, vipimo vya kundi hili kwa kawaida humaanisha safari ya Nairobi na gharama ambayo mkulima wa majani chai wa Manyatta au mchuuzi wa Gakoromone hawezi kuimudu kwa urahisi.

Kushuku si kuthibitisha

Hofu nyingi huzaliwa kwa kutotofautisha kipimo kinachoshuku na kipimo kinachothibitisha. Tuchukue hesabu. Mtoto 1 kati ya takriban 700 huzaliwa na hali ya Down, inayotokana na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Katika wajawazito 10,000, basi, watoto kama 14 watakuwa na hali hiyo. Kipimo cha damu pamoja na shingo hunasa kama asilimia 85 yao, yaani 12. Lakini kipimo hicho hicho huwatia shaka wajawazito 5 katika kila 100 ambao watoto wao hawana tatizo lolote, na hao ni kama 500. Kwa hiyo katika wajawazito zaidi ya 500 watakaoambiwa wako katika hatari, ni 12 tu ambao hofu yao ina msingi. Waliobaki watapitisha wiki kadhaa za machozi kwa jambo ambalo halipo.

Hata kile kipimo kipya cha vinasaba, ambacho hunasa zaidi ya 99 kati ya 100 na kukosea kwa mama 1 hivi kati ya 1,000, bado kitawatia shaka bure wanawake 10 hivi katika hao 10,000, sambamba na wale 14 wa kweli. Ndiyo maana daktari makini hamwambii mama kwamba mtoto wake ana ugonjwa kwa sababu ya kipimo cha kushuku peke yake.

Picha nayo ina mitego yake. Mama anapigwa picha wiki ya 20 na kuambiwa kondo liko chini, karibu na mlango wa uzazi. Anarudi nyumbani akiamini atavuja damu hadi afe. Mume anauza mbuzi kujiandaa kwa upasuaji. Kumbe katika mimba nyingi za namna hiyo kondo huonekana limepanda kadiri mji wa mimba unavyokua, na picha ya kurudia karibu na wiki ya 32 hukuta njia iko wazi. Sentensi moja ya ziada siku ile ya kwanza ingeokoa miezi mitatu ya usingizi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na katika chumba cha picha usemi huo una uzito wa pekee.

Moyo hupita wapi

Hofu huanza kabla ya kipimo. Mwanamke aliyewahi kupoteza mimba, au aliyekaa miaka kadhaa kwenye ndoa bila mtoto, huingia chumbani akiwa tayari ameshikilia pumzi. Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Barbara Katz Rothman, aliandika juu ya wanawake waliokuwa wakingoja majibu ya maji ya chupa. Aliona kwamba wengi walijizuia kumpenda mtoto waliyembeba hadi jibu litoke. Hawakununua nguo, hawakumtafutia jina, hawakuwaambia jamaa kuwa wana mimba. Kujizuia huku ni njia ya moyo kujikinga, na si dalili ya mama mbaya.

Kisha kuna kungoja. Jibu la kipimo cha kutoboa kidole hutoka ndani ya dakika chache, ilhali sampuli iliyopelekwa Nairobi huchukua siku au wiki. Katika kungoja, akili hujaza pengo kwa yale inayoyaogopa zaidi. Usingizi hupotea, chakula hakipiti, ugomvi mdogo huwa mkubwa. Wengine hufungua simu na kusoma kila kitu, nao hulala na hofu kumi badala ya moja.

Jibu zito linapotoka, mwitikio wa kwanza mara nyingi ni ganzi. Mama anatikisa kichwa, anasema "sawa, daktari", anafunga kitambaa na kutoka. Mhudumu anadhani ameelewa. Ukweli ni kwamba baada ya neno la kwanza la kutisha, mengi yaliyofuata hayakusikika. Baadaye huja kukana, hasira, hatia na huzuni, na hayaji kwa mpangilio wowote. Mama huanza kupekua maisha yake: ni ule mzigo wa kuni niliobeba? Ni ile dawa ya malaria? Ni ugomvi wangu na mama mkwe?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake 15 hadi 16 kati ya kila 100 wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua idadi hukaribia 20. Jibu lisiloelezwa vizuri huongezwa juu ya mzigo ambao tayari wengi wanaubeba kimya.

Mke na mume hawaumii kwa namna moja

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi ni wawili. Hata hivyo, katika kliniki zetu baba mara nyingi hubaki nje, chini ya mti, na mpasuo wa kwanza huanzia hapo. Mama amesikia maneno ya daktari, baba anasikia masimulizi ya mama. Mama ameanza kuomboleza, baba bado yuko kwenye kuuliza maswali. Mama anataka kulizungumzia jibu kila usiku, baba anataka kulifanyia kazi: kutafuta pesa, kutafuta daktari mwingine. Asipopata la kufanya, huenda akakimbilia shambani alfajiri na kurudi usiku, au akazama kwenye miraa au pombe. Mke husema, hajali. Mume husema, nikilia mimi nani atabaki amesimama? Wote wawili wanaumia, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kipimo cha virusi vya Ukimwi ndicho kinachoujaribu uhusiano zaidi. Si nadra mmoja kukutwa na virusi na mwenzake kukutwa hana. Kwa kuwa mjamzito ndiye hupimwa kwanza, yeye ndiye huonekana ameuleta ugonjwa nyumbani, hata kama aliupata kwa mumewe. Inafaa kila mtu ajue kwamba jibu la mmoja halisemi lolote juu ya jibu la mwingine, na halisemi nani alitangulia kuambukizwa. Wenza wenye majibu tofauti wanaweza kuishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto wasio na virusi, mradi mwenye virusi ameze dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo.

Hata kundi la damu huleta mitafaruku. Mama mwenye damu ya aina hasi aliyeolewa na mwanamume wa aina chanya anaweza kubeba mtoto wa aina chanya, na mwili wake ukatengeneza kinga itakayomdhuru mtoto wa mimba inayofuata. Dhara hilo huzuiwa kwa sindano ya Anti-D, inayotolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni wa aina chanya. Jambo hili hufika nyumbani likiwa limegeuzwa kuwa "damu zao hazipatani", na jamaa huanza kunong'ona kwamba ndoa ile haikupaswa kuwapo. Ndoa haina kosa lolote. Kinachohitajika ni sindano, na kuipangia fedha mapema kwa sababu bei yake si ndogo.

Ukoo, kanisa na jina la mtoto

Katika nyanda hizi za mlima Kenya mimba ni ya ukoo. Kwa Waembu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo picha inapoonyesha jinsia ya mtoto, huonyesha pia ni mzee gani atarudi kwa jina na ni nani atangoja. Mama mwenye wasichana watatu anayeambiwa wa nne ni msichana anaweza kutoka chumbani na huzuni ambayo haina uhusiano wowote na afya. Baba akumbuke kwamba mbegu yake ndiyo huamua jinsia. Yai la mama hubeba kromosomu ya X pekee, ilhali mbegu ya baba hubeba X au Y.

Kasoro za maumbile nazo hutafutiwa mkosaji: laana ya mzee aliyekosewa, kiapo kilichovunjwa, dhambi ya ujana. Sayansi ina maelezo yasiyomhukumu mtu. Hali ya Down kwa sehemu kubwa hairithiwi. Ni hitilafu katika kugawanyika kwa chembe, na uwezekano wake hupanda na umri wa mama, takriban 1 kati ya 350 akiwa na miaka 35 na 1 kati ya 100 akiwa na 40. Mgongo wazi na kukosa fuvu hutokea pale mrija wa neva wa mtoto usipofunga, na mrija huo hufunga ndani ya siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kama ni wajawazito. Asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya kushika mimba, hupunguza sana hatari hiyo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na ngano wa viwandani uongezwe virutubisho, ikiwemo asidi hiyo. Lakini familia nyingi za Tharaka, Mbeere na Igembe husaga mahindi yao kwenye kinu cha kijijini, na unga huo mara nyingi hauna kilichoongezwa. Hapo pana jambo la kurekebishwa na serikali na jamii pamoja, wala hapana mama wa kulaumiwa.

Kanisa lina nafasi yake katika haya. Hospitali kadhaa kubwa za eneo hili zilijengwa na makanisa: Chogoria ya Wapresbiteri, iliyoanzishwa mwaka 1922 na daktari Archibald Irvine, Maua ya Wamethodisti, Nkubu na Kyeni za Wakatoliki wa Konsolata. Kasisi wa hospitali anayekaa na wenza bila haraka, akasikiliza zaidi ya anavyosema, ni sehemu ya tiba. Lakini mhubiri anayewaambia kwamba mtoto ni mgonjwa kwa sababu imani yao ni haba huwaongezea jeraha juu ya jeraha, na wengine huacha dawa na kliniki kwa sababu ya maneno hayo.

Jibu linapokuwa zito kweli

Watoto 2 hadi 3 kati ya kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Kwa wengi wao, kujua mapema ni faida. Mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa maji akitambuliwa tumboni, mama hupangiwa kujifungulia hospitali yenye uwezo, na safari ya Kijabe, ambako BethanyKids huwafanyia upasuaji watoto wa namna hiyo, huandaliwa kabla ya dharura. Wazazi wa mtoto mwenye hali ya Down hupata muda wa kukutana na wazazi waliotangulia, na kuona watoto wanaocheza, wanaosoma na wanaosaidia kazi za nyumbani.

Kuna majibu mengine yasiyo na upasuaji wala dawa, kama pale fuvu la mtoto halikuumbika. Mtoto huyo hawezi kuishi muda mrefu baada ya kuzaliwa. Kwa wazazi hawa, huzuni huanza mtoto angali anacheza tumboni, na hiyo ni huzuni ngumu kuliko maneno. Swali la nini kifanyike ni la kitabibu, la kisheria na la dhamiri kwa pamoja. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya mwaka 2010 hakiruhusu mimba kutolewa isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Wenza wanastahili kuelezwa haya kwa ukweli na daktari, si kuokota ushauri wa kificho mitaani, ambako wanawake hupoteza maisha. Wanaoendelea na mimba wanastahili pia mpango: watajifungua wapi, nani atakuwa nao, kama watamshika mtoto, watamwita nani, watamzika vipi. Kumpa mtoto jina na kaburi huwasaidia wazazi wengi kuomboleza, na asiwepo wa kuwaambia "bado ni vijana, mtapata mwingine."

Tuliyojifunza kwa Ukimwi tuyapeleke chumba cha picha

Kenya inajua namna ya kutoa majibu mazito, kwani imefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulikubaliana kwamba mtu hapimwi virusi bila kuelezwa kwanza, wala hapewi jibu bila kuketi na mshauri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 ilifanya ushauri wa kabla na wa baada kuwa wajibu, na majibu kuwa siri ya aliyepimwa. Matokeo yake, mwanamke anayekutwa na virusi katika kliniki ya Nkubu au Runyenjes ana haki ya kuketi na mtu aliyefunzwa kuzungumza naye.

Mwanamke huyo huyo akienda kupigwa picha, na picha ikaonyesha moyo wa mtoto haudundi, huenda akaambiwa akiwa bado amelala kitandani, tumbo limepakwa mafuta, mlango uko wazi, foleni inasubiri. Au haambiwi kitu, anapewa bahasha apeleke kwa daktari, naye anaifungua njiani kwenye matatu. Tofauti hii haina sababu ya kuwepo. Uzito wa habari ni ule ule, na moyo unaoipokea ni ule ule.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 tayari inampa kila anayehudumiwa haki ya kuelezwa hali yake, vipimo vyake na hatari zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka vina nafasi yao halali ndani ya chumba cha daktari. Na ustadi wa kutoa habari nzito unafundishika. Mwaka 2000 Walter Baile na wenzake nchini Marekani walichapisha hatua sita ambazo sasa hutumika sehemu nyingi duniani: tafuta mahali pa faragha, uliza mgonjwa anajua nini tayari, uliza angependa kujua kiasi gani, sema ukweli kwa maneno mepesi na kidogo kidogo, itikie hisia zake, kisha pangeni pamoja hatua inayofuata. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayohitaji mashine ya mamilioni.

Tahadhari moja ni muhimu. Kuwashauri wenza pamoja ni jambo jema, lakini mama aulizwe kwanza akiwa peke yake kama yuko salama jibu likisomwa mbele ya mwenzake. Kuna nyumba ambamo jibu huzaa kipigo. Na mjamzito asiye na mume asiachwe mwisho wa foleni kwa sababu waliokuja wawili wametangulizwa. Dada, mama au rafiki anaweza kukaa naye.

Wenza wafanye nini

Kabla ya kipimo chochote, ulizeni maswali manne. Kinapima nini? Kinashuku au kinathibitisha? Jibu litatoka lini, na nani atatueleza? Tutafanya nini likiwa baya? Mnaruhusiwa kukataa kipimo cha kromosomu ikiwa jibu lake halitabadilisha uamuzi wenu. Vile vya kaswende, virusi, damu na sukari msivikwepe, kwa sababu vinaokoa maisha.

Nendeni pamoja angalau siku ya picha. Baba akikosa ruhusa ya kazi, apigiwe simu wakati mshauri bado yuko na mama. Andikeni mliyoambiwa. Jibu likiwa zito, ombeni kurudi baada ya siku mbili tatu na maswali yenu, na ombeni kipimo cha pili kabla ya uamuzi wowote. Kubalianeni ni nani katika ukoo ataambiwa na lini, maana siri ikishatoka hairudi.

Nyumbani, tengeni muda mfupi kila siku wa kulizungumzia, kisha lifungeni mfanye mengine. Mume anayenyamaza asihukumiwe kuwa hajali, na mke anayelia asiambiwe ajikaze. Mkiona mmoja wenu halali, hali, hapendi tena alichokipenda kwa zaidi ya wiki mbili, au anataja kufa, rudini hospitali mara moja. Kuna dodoso fupi la maswali 10, lililotungwa na John Cox na wenzake mwaka 1987, ambalo muuguzi yeyote anaweza kulitumia kutambua sonona kwa dakika chache, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua.

Kwa serikali za kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi nina ombi moja. Palipo na mashine ya ultrasaundi pawe na chumba kidogo chenye mlango unaofungwa na mshauri aliyefunzwa, na wanaopiga picha wafundishwe zile hatua sita. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapeleka vijijini nchi nzima mwaka 2023, waelekezwe kumtembelea kila mama aliyepewa jibu zito ndani ya wiki moja. Nazo redio zinazosikika jikoni na shambani, kama Muuga FM na Wimwaro FM, zitenge kipindi cha kuyazungumza haya kwa lugha za nyumbani, baba wakiwemo.

Kipimo kisicho na maelezo ni nusu ya huduma. Wajawazito wetu wamelipa nauli, wamepanga foleni na wametoa damu yao. Wapewe huduma nzima, wao na wenza wao.